Shemeji Anataka Tuzichape Barafuni Kabla ya Harusi

Mshauri wangu mpendwa wa gazetini, nimekwama, nikwamue kabla ya Jumamosi,

Mimi ni Orest Danyluk, na jina langu usilifiche, maana hapa Birchmere ukiandika tu "mzee mwenye pua iliyopinda" hata watoto wa chekechea watanitambua. Ujana wangu wote nimecheza magongo ya barafuni, na ninaposema nimecheza nakuomba usicheke, kwa sababu kazi yangu haikuwa kufunga mabao, kazi yangu ilikuwa kupigana, yaani mtu akimgonga mfungaji wetu kihuni kocha ananipiga kofi la mgongoni, naruka kutoka benchi, namtafuta yule mhuni, tunazichapa, kisha nakwenda kukaa kwenye kizimba cha adhabu huku uwanja mzima unaimba jina langu, na nikitoka huko nakaa benchi mpaka atokee mhuni mwingine. Ndivyo nilivyomlea binti yangu, ndivyo nilivyopoteza meno ya mbele, na wala sijuti.

Sasa sikia raha yangu. Nimependa! Mimi, mgane wa siku nyingi, babu mzima, nimempenda Marlys Tveit, yule mama anayeendesha mashine ya kulainisha barafu pale uwanjani, maana nilikuwa nakwenda kila jioni eti kutazama mazoezi ya vijana, kumbe namtazama yeye akizunguka taratibu na kofia yake ya sufu, nyuma yake barafu inang'aa kama sahani iliyooshwa, na siku aliyonipungia mkono nilitoka nje nikaingia kwenye gari la mtu mwingine. Nimemposa, amekubali, siku hizi napiga mluzi hata nikikoroga uji, mpaka jirani ameniuliza kama nimeanzishiwa dawa mpya.

Tatizo ni kaka yake, Garnet. Garnet alikuwa mbabe wa timu ya Wolsten, mji wa jirani, na tumepigana kila msimu hadi makovu yangu nusu ni kazi yake na yake nusu ni kazi yangu, ila kwa heshima, kwa sababu sisi mababe tuna sheria zetu, unamgonga mwenzako ugokoni kwa gongo, akikubali mnatupa glavu kwa pamoja, na aliyeanguka hapigwi tena. Basi Jumapili iliyopita tulikuwa na chakula cha uchumba ukumbini kanisani, natoka jikoni na bakuli la moto la kabichi zilizoviringishwa na nyama, mikononi nina glavu nene za jikoni, Garnet anapita na mkongojo wake, akanigonga ugoko, to, to, na sijui hata nikuelezeje, mikono iliamua yenyewe, bakuli likaenda huku, glavu zikaenda kule, na kabla mchungaji hajamaliza kusema "Mungu wangu" nilikuwa nimeshamvuta Garnet sweta ikamfunika kichwa, kama enzi zile.

"We kichaa nini!" Garnet akapiga kelele ndani ya sweta. "Nilitaka unipishe nikachukue kahawa!"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alipochomoza kichwa alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka, akanishika shavu mbele ya wazee wote wa kanisa.

"Shemeji," akasema, "sijafurahi hivi tangu nistaafu! Jumamosi, mechi ya wakongwe, mimi na wewe, mji mzima unatazama. Ukikimbia, harusini sikanyagi, na Marlys atafute mtu mwingine wa kumfikisha madhabahuni."

Marlys alikuwa amepiga magoti anaokota kabichi. Hakuinua hata sauti. "Tone moja la damu likidondoka kwenye barafu yangu, Orest, pete hii naipitishia mashine."

Nikipigana namkosa mke, nisipopigana namkosesha bibi harusi kaka yake wa pekee, na Birchmere yote itaniita mwoga. Halafu kuna jambo sijamwambia mtu, daktari amenionya kwamba ngumi moja zaidi ya kichwa inaweza kunimaliza, hata sasa kuna asubuhi nalitafuta jina la binti yangu kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Lakini nisiwe mwongo, nikiwaza ule umati unavyoimba, miguu inaniwasha. Nifanyeje?

Orest

*

Orest Danyluk,

Zile kabichi ulizomwaga nilizipika mimi. Niliziviringisha moja moja tangu alfajiri, mgongo unaniuma mpaka leo, kwa hiyo maneno matamu katafute kwingine.

Nimeisoma barua yako nikicheka, nikafuta macho, nikacheka tena, na nilipofika kwenye habari za daktari kicheko kikaishia hapohapo. Unamposa mwanamke, unamvisha pete, unampigia mluzi mji mzima usikie, halafu unamficha kichwa chako mwenyewe? Huyo ndiye atakayelala ubavuni mwako asubuhi jina la binti litakapogoma kuja! Umewahi kusimama mbele ya majitu yaliyotaka kukung'oa taya, leo unamwogopa mama mwenye kofia ya sufu. Aibu, Orest. Aibu kubwa.

Sasa huyo shemeji yako. Hebu tumia akili, japo kidogo. Garnet anatembea na mkongojo! Nyonga yake ni ya chuma! Mkipanda barafuni mtaanguka wote wawili kabla ya ngumi ya kwanza, na sisi tutabaki tunabishana nani abebwe mwanzo na gari la wagonjwa. Unadhani yeye hajui hilo? Anajua vizuri kuliko wewe.

Umeniandikia makovu, glavu na umati, ila hujajiuliza hata mara moja Marlys akihamia kwako Garnet atakula na nani. Hana mke, hana mtoto. Vidole vyake vimeharibika kwa zile ngumi zenu hata vifungo vya shati anafungiwa na dada yake, na wewe ndiye unayekuja kumchukua huyo dada. Kwa miaka mingi watu wanamshika mkono kumvusha barabara kama kikombe chenye ufa, ghafla Jumapili ukamvuta sweta kichwani kama Garnet yuleyule wa Wolsten. Asicheke kwa nini? Haitaki damu yako huyo, wewe mjinga mpendwa. Anaogopa kubaki peke yake, na lugha nyingine ya kuomba hajafundishwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo mchana nenda uwanjani, mashine ikiwa imezimwa, umwambie Marlys yote ya daktari bila kupunguza neno. Akilia, kaa. Akikutukana, kaa. Kesho peleka kahawa kwa Garnet, umweleze naye hivyohivyo, mwanamume kwa mwanamume, kwamba kichwa hakiwezi tena. Atakuita mwoga, kisha atapenga kamasi. Mwache apenge. Akimaliza mwambie kuna kiti chake mezani kwenu na chumba cha nyuma kina kitanda, na vifungo vitafungwa na yeyote atakayekuwa karibu, hata kama ni wewe.

Jumamosi Garnet asimame nyuma ya benchi awe kocha wako, kupiga kelele bado anaweza. Wewe vaa kofia ngumu, ingia barafuni, utafute bao. Ndiyo, bao! Kocha wako alikuwa anakuita ukapigane tu, hakuna aliyewahi kukuuliza kama ungependa kufunga. Jaribu. Ukikosa tutakuzomea, ukifunga tutaimba mpaka paa liondoke, nami nitakuwa safu ya mbele nikikushangilia kwa kengele ya ng'ombe.

Jibu hili nimelileta mwenyewe mlangoni kwako, halijafika kwa mchapaji. Sitatangaza siri ya kichwa chako gazetini kabla mwenye haki ya kuijua hajaisikia kinywani mwako. Ukishasema, Marlys anipigie simu yeye mwenyewe, anipe ruhusa.

Wasomaji wangu, kama mnaisoma barua hii, basi simu ilipigwa.