Sanduku la Besi Uliloniachia

Wachira, rika yangu,

Sikuulizi hali, maana wewe umelala. Mimi magoti yamevimba, na mwenye makosa ni wewe.

Wiki moja baada ya kukuzika, mama watoto wako aliniletea lile sanduku la besi kwa mkokoteni, pamoja na spika zako mbili ndogo, amplifaya na mashine ya santuri. Akasema, "Wewe ndiye uliyeranda mbao zake, kaa nalo. Lakini Jumapili nakuja kulisikia. Likikataa kuimba, litakuwa nyumba ya kuku." Unamjua. Hasemi mara mbili.

Sasa niko na neno la kuungama. Nilipaswa kukwambia ukiwa hai, lakini nilikuwa nafurahia sana.

Unakumbuka ile spika kubwa uliyoitoa kwa gari kuukuu la kuonyesha sinema vijijini? Mimi nilitaka masanduku mawili ya besi, ukaniuliza, "Hii ni nyumba yangu ama ni soko ya Karatina? Moja inatosha." Ukasokota koili ya waya ili sauti nyembamba zibaki kwa spika ndogo, ile kubwa ingurume tu. Siku tuliyomaliza, ulipoenda kunawa mikono, niligeuza nyaya nyuma ya sanduku, nyekundu mahali pa nyeusi. Basi spika ndogo zikisukuma, kubwa inavuta. Besi ikawa nyepesi kama uji wa hospitali.

Ukasema ati shida ni mahali. Ukapandisha sanduku juu ya kiti chako, ukaweka santuri, ukatambaa kando ya ukuta ukitafuta pale besi inanona, ili sanduku likae hapo. Jumapili tatu, mtu mzima na koti ya kanisa. Na mimi kwa kochi na chai yako: "Sogea kidogo, Wachira. Hapana, rudi kwa kabati."

Jumapili ya nne nikakuta sanduku liko kwa kona na glasi zinatetemeka kabatini. "Ni kona tu," ukasema, hata hukunitazama. Nikachungulia nyaya. Ziko vile nilivyozigeuza. Mimi niliyeachia shule standadi tatu, nitabishana na kona?

Kwa hivyo Alhamisi nikaona nikutendee haki. Nikaunganisha nyekundu kwa nyekundu, nikawasha. Uji wa hospitali. Nikatambaa siku mbili, mke wangu akiniruka na sufuria, akiuliza kama nimepoteza meno. Jumamosi nikashika bisibisi, nikafungua sanduku.

Ndani, nyuma ya spika, nawe uligeuza nyaya. Ulijua. Ulirekebisha mahali nisipoweza kuona, zangu za nje ukaziacha, ukingoja siku dhamiri itanifikia. Na karatasi, kwa penseli yako: "Sasa ni zamu yako kutambaa."

Kwa mazishi sikulia, watu wakasema niko na roho ngumu. Nililia hapo sakafuni, Wachira, na kicheko ndani yake, bisibisi mkononi.

Nikarudisha ujinga wangu wa nje, nyekundu mahali pa nyeusi, nikaweka sanduku kwa kona. Jumapili mama watoto wako alikaa, santuri ikaanza, kikombe kikacheza kwa sosa yake. Akaweka mkono juu ya sanduku, akauacha hapo mpaka wimbo ukaisha. "Huyo ndiye," akasema. Kuku watafute kwingine.

Lala, mzee. Nakuahidi nyaya zitabaki zimegeuka nje na ndani, na karatasi yako nimeirudisha mahali pake. Nikikufuata, atakayerithi naye atambae.

Na kama umenishikia kiti huko, nitakagua miguu yake kabla sijakaa.

Ni mimi, Gathogo