Skonzi za Ijumaa Ile

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na moja tangu mke wangu atoke hospitali. Kiharusi kimemwachia mkono wa kulia mzito, mguu wa kuburura, na neno moja tu: "Kesho." Una njaa? Kesho. Nifungue dirisha? Kesho. Mimi nasikiliza sauti. Kesho kali ni hapana, kesho laini ni ndiyo. Mara nyingine nakosea, nami nakiona cha moto.

Uji kaukataa tena. Vijiko viwili, akafumba mdomo. Muuguzi anayekuja kumfanyisha mazoezi kampima: kapungua kilo mbili nyingine. Vyakula vikavu marufuku, makombo yatampalia. Mtu aliyeoka skonzi na kuulisha mtaa mzima miaka thelathini — leo uji!

Shemeji, mdogo wake, kapiga simu. Jumapili anakuja kumchukua akakae kwake. "Usikasirike, shemeji, lakini wewe ni fundi saa. Utamlisha nini, betri?" Binti yetu naye kaona ni sawa. Sikubisha. Ningebisha na nini mkononi?

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua friza kutafuta samaki. Chini kabisa, mfuko. Skonzi kumi na tisa. Ni zile zilizobaki Ijumaa ile, siku moja kabla hajaanguka. Kaandika kwa kalamu: "Zilizobaki — msile!"

Nimeufunga mlango wa friza. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni, sijui muda gani. Mimi, fundi saa.

Ndizi kwenye kapu zimeshakuwa nyeusi. Nanasi nalo linanuka kama pombe upande mmoja. Angekuwa mzima asingeacha yafike huko. Huyu hata maji aliyochemshia mayai humwagilia maua yakishapoa.

Jumatano, 5 Machi

Nimemuuliza muuguzi: skonzi anaweza kula? Kasema zikilowa hadi zipondeke kwa ulimi, sawa. Ganda liondoke.

Basi nikakumbuka. Watoto walipokuwa wadogo alikuwa akizipanga skonzi za juzi kwenye bakuli, tabaka la skonzi, tabaka la matunda, kisha maziwa yaliyopigwa na mayai, ndani ya oveni. Vipimo? Sijui. Miaka yote hiyo nilikuwa nakula tu, kama mgeni rasmi.

Nimejaribu kwa skonzi nne. Maganda nimesahau. Moto nimeuweka juu, mayai yakaganda vipandevipande, chini kukawa na bwawa, juu mbao. Kutupa siwezi, nyumba hii haitupi. Nimekula mwenyewe, nimesimama. Tumbo linanguruma hadi sasa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimemsogeza jikoni na kiti chake, nikaweka kila kitu mezani mbele yake. Alipouona ule mfuko aliutazama, akanitazama mimi. Nikadhani atalia. Akapiga meza kwa kiganja cha kushoto: anza!

Nimekata maganda kwa kisu kidogo, taratibu, kama ninavyofungua saa ya mtu. Hapo akatikisa kichwa kuridhika. Nikashika sukari — "Kesho!" Kali. Akaelekeza kidole kwenye ndizi, kwenye nanasi. Kweli bwana, sukari iko humo tayari. Upande wa nanasi uliochacha nimeukata, uliobaki nimeupika na ndizi mpaka ukalegea, nyuzi nikazichuja. Nikataka kumwaga maziwa moja kwa moja — kesho! Yapashwe kwanza. Nikataka kuingiza bakuli kwenye oveni — kesho! Skonzi zinywe kwanza. Dakika ishirini nimekaa nazitazama zikinywa. Kisha bakuli ndani ya trei ya maji, moto mdogo. Siri ndiyo hiyo: maji yanalizuia bakuli lisiungue. Ningejuaje?

Amekula vijiko sita. Hakukohoa hata mara moja. Cha saba alininyang'anya, akajilisha kwa mkono wa kushoto, nusu ikaishia kifuani. Nikatoka nje kwenda kuanua nguo. Hakukuwa na nguo kwenye kamba.

Ijumaa, 7 Machi

Kala mara mbili. Usiku kalala vizuri. Muuguzi kampima: hajapungua. Hajaongezeka pia, kasema, tusishangilie. Nimeshangilia.

Jumamosi, 8 Machi

Tumegombana. Zilikuwa zimebaki skonzi saba. Nimetoa nne, tatu nikazisukuma nyuma ya barafu. Kajua! Sijui kajuaje, alikuwa amekaa mezani. Kaniita kwa neno lake mara tatu, kila mara kali zaidi, kidole kimeelekea friza. Nikamwambia ukweli: naogopa zikiisha. Ni mikono yako ile, nikasema, ya kabla. Sijui utaoka tena lini.

Kisha akanyoosha ule mkono wa kulia, mzito, akauburura juu ya meza mpaka ukanifikia. Akauweka juu ya mkono wangu. Halafu akaelekeza friza tena, kwa huo wa kushoto.

Nimezitoa zote. Kama ni ukumbusho, mwenyewe si yuko hapa, amekaa, ananikaripia?

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kafika saa nne na gari la kukodi. Dereva kamwacha nje, injini inanguruma. Kaja na begi tupu la nguo na keki kubwa ya dukani, imekauka kwa safari, pembeni inameguka.

"Dada, twende kwangu. Chumba nimekitayarisha."

Mke wangu kasema lile neno lake. Shemeji kalisikia kama ndiyo, mimi nimelisikia kama hapana. Tukatazamana. Nilitaka kusema usiende. Nimesema, "Aamue mwenyewe." Sauti imenitoka ndogo.

Yeye wala hakututazama. Kaibonyeza keki kwa kidole. Kasikitika. Kisha kashika fimbo, kamwashiria mdogo wake abebe keki na kumshika kiwiko, wakaenda jikoni, hatua moja moja. Mlango wameufunga. Mimi nje!

Nimekaa sebuleni naandika haya. Nasikia kisu. Nasikia kabati la bakuli likifunguliwa. Shemeji anasema, "Yote? Hata pembe zake? Haya, haya, usinipige!" Sasa anacheka. Sasa hacheki, anapenga kamasi.

Kachungulia mlangoni, kajifunga aproni ya mke wangu, macho mekundu. "Shemeji, mayai mnaweka wapi?"

Nimemwelekeza.

Begi liko pale alipolidondosha, katikati ya sebule, zipu wazi. Dereva kapiga honi mara ya pili. Hakuna aliyekwenda.