Siku Baba Aliposikiliza Kaseti Yangu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sote wazima, babu yako naye kikohozi kimemwacha.

Unauliza kama niliogopa albamu yangu ya rap ilipovuma. Studioni Dar sikutetemeka, hata niliporekodi wimbo unaomhusu dada yangu, aliyeozwa na baba kule Mtae huku analia. Niliogopa kaseti zilipoanza kugombaniwa hadi Mazinde, na baba, mzee wa kanisa, akaniita nyumbani Bumbuli. Aliuweka wimbo ule kwenye redio, akausikiliza wote bila kunitazama.

"Baba anayeimbwa humu ni mimi?"

"Ni wewe, baba."

Alizima redio. Nikangoja kipigo. Akavaa koti, akashika njia ya Mtae, kwenda kumwomba dada msamaha.

Nawe usiogope; imba, mwanangu.

Bibi yako