Mlango Usio na Mtu wa Kukaribisha

Butihinda, Muyinga

Dada yangu mpendwa Languida,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko uliko? Kifua kimeacha kukusumbua? Najua marehemu haulizwi habari za afya, lakini sijui kuanza barua kwa njia nyingine, na wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba kutanguliza shida kabla ya salamu ni kukosa adabu. Sisi huku ni wazima. Maharagwe yametoa maua upande wetu wa ua, na upande wa Mzee Salvatori pia.

Dada, nimefika Roma na nimerudi. Masista Waitaliano wa Mushasha, wale uliowapikia miaka yote huko Gitega, walisema nafasi yako ya hija isipotee, niende mimi. Nikalia, nikakubali. Halafu ndipo nikaambiwa mwingine wa parokia yetu ni nani. Salvatori. Yule yule tuliyemkuta analima shamba la baba tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania. Tangu wazee walipoligawa katikati na minyaa ikapandwa kuwa mpaka, hakuna aliyekunywa hata maji kwa mwenzake. "Upande ule tusalimie, tusinywe," ndivyo ulivyosema mpaka kwenye kitanda cha mauti.

Basi siku moja saa sita kiongozi wetu akatuambia tukatafute chakula wawili wawili, kila mtu na mwenzake wa parokia. Na mimi, siku ya kuondoka, binti yake Salvatori alikuwa amenishika mkono: "Mama Aline, baba ana sukari. Asikae na njaa." Kwa hiyo huyo mzee alikuwa mikononi mwangu, na mimi sikuwa na kitu ila maneno yako, yale uliyoyasikia kwa masista ukatusimulia ukimenya ndizi. Usiingie penye mtu anayevuta wapita njia mlangoni. Usiingie penye picha za vyakula ukutani. Fuata mafundi wenye vumbi kwenye viatu, wao hawakubali kulishwa vibaya.

Mzee hakutaka. Kila mwenye aproni aliyetuchekea, yeye alielekea kwake. "Huyu anatukaribisha. We unanipitisha kwa watu wenye heshima kama sijawaona." Nilipoupata mlango ule mdogo kichochoroni, ndani mafundi wanakula na hakuna hata mmoja anayetutazama, akasimama kabisa. "Mi siingii. Hakuna mtu ametuita. Niingie kwa watu wanakula, kama mwizi?"

Na Dada, kwetu ana haki. Nani huingia kwa watu saa ya kula bila kuitwa? Hata mimi aibu ilinishika. Lakini jasho lilikuwa linamtoka na tuko kivulini, vidole vinatetemeka kwenye rozari. Nikasema Salamu Maria moyoni, nikamshika mkono wa koti, mimi ambaye sijawahi kumgusa, nikamvuta ndani.

Mhudumu akaleta mkate na chupa ya divai. Sijui niliagiza vipi, nilionyesha meza ya jirani kwa kidole. Akammiminia mzee kidogo tu, kwenye kitako cha glasi, akasimama kusubiri aonje. Hapo ndipo shida ilipokuja. Mzee akafunika glasi kwa kiganja. "Kwa nini nianze mimi? Mwenye kinywaji anakiogopa?" Unajua kwetu anayekupa ndiye huonja kwanza, ili uone hakuna sumu. Mhudumu anatuangalia, mafundi sasa wanatuangalia, na yeye hamtazami mhudumu. Ananitazama mimi. Mkate nao hakuugusa. Midomo imekuwa kama majivu.

Nikachukua glasi yake, nikaonja. Nikaumega mkate wake, nikala kipande, nikamsogezea uliobaki.

Alinitazama nikimeza. Akangoja. Kwangu muda ule ulikuwa mrefu kama misa ya Pasaka. Halafu akala, Dada, akala kama mtoto aliyetoka shule. Ikaja sahani ya tambi zilizopikwa ndani ya maharagwe, akachungulia, akasema, "Wameyachafua, lakini maharagwe ni maharagwe." Nilicheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko. Ulituambia habari za sahani hiyo, sisi tukakuita mwongo.

Tulipotoka akauliza, "Nani alikufundisha mlango ule?" Nikamwambia ni wewe. Akavua kofia, akatembea nayo mkononi mpaka tulipoona wenzetu. Ndipo akasema, "Nyumbani nitaonja mimi."

Sasa tumerudi. Jana mke wa mwanawe alisimama kwenye minyaa akaniita: Jumapili baada ya misa urwarwa utakuwa tayari, mzee anasema nije. Ni pombe ya ndizi za migomba ile ile aliyoipanda baba. Sijampa jibu. Nikipiga magoti kusali, nasikia sauti yako, "tusalimie, tusinywe." Nisipokwenda, atajua kwamba Roma nilimwonjea kwa sababu ya binti yake tu. Nikienda, nitakuwa nimevuka wakati wewe huwezi kunishika kanga.

Pumzika kwa amani, Dada. Naahidi kwamba nikienda sitaketi kabla hajaonja, na kwamba nitalitaja jina lako pale, kwa sauti, wote walisikie. Na nisipoenda, nitamwambia mwenyewe sababu, sitatuma mtoto.

Ila mimi peke yangu sijui la kufanya. Tafadhali nijibu upesi, hata kwa ndoto, kabla ya Jumapili.

Mdogo wako,
Konsolata