Majivu Nyuma ya Jiko

Burungu, tarehe 9 Agosti 1966

Kwa kaka yangu mpendwa Symphorien, huko Walikale,

Nakusalimu sana, wewe na wifi yangu Euphrasie pamoja na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wote mkiwa wazima. Sisi tunapumua tu. Maharage tumevuna, lakini Mama anakula kidogo mno. Habari za kifo cha Papa ulikwisha kuletewa na Padri. Sasa nakueleza jinsi kilivyokuja, maana mkubwa wetu ni wewe.

Unakumbuka mwaka jana Papa alivyokonda, anamaliza mtungi wa maji na bado ana kiu. Nyuma ya jiko, mahali alipozoea kukojoa, sisimizi walijaa. Nilimpeleka zahanati. Mganga Benoît akachemsha mkojo wake na dawa ya buluu, ukageuka mwekundu kama tofali, akasema ni ugonjwa wa sukari. Papa alikasirika: “Sukari ya wapi? Mimi ata chai sikunywaka!” Benoît akamwagiza ameze vidonge kila siku, asiache hata akijisikia mzima.

Papa alimeza, lakini kwake dawa ni ya mgonjwa; aliyepona akiendelea kumeza anajitafutia ugonjwa mwingine. Hata mimi niliona ana haki. Basi kila asubuhi alikwenda kutazama sisimizi. Hao ndio waliokuwa kipimo chake cha sukari.

Mwezi wa sita, asubuhi moja hakuwaona. Kesho yake hivyo hivyo, wiki nzima. Aliita Mama, akaita na majirani: “Mutazame! Sisimizi haiko tena. Nimesha pona!” Jumapili alitoa shukrani kanisani, akanitaja kwa jina kwa kuwa nilimsindikiza zahanati. Vidonge vilivyobaki alimpa jirani yetu Mama Pétronille anayevimba miguu.

Kiu ikarudi. Alisema ni vumbi la kiangazi. Mwezi wa saba akaanza kutapika, pumzi yake ikinuka ndizi zilizoiva sana. Jirani yetu Evode na wanaume wengine walimbeba mabegani kwa kipoyi, kiti cha miti, kumpeleka hospitali. Alikata roho kabla hatujafika Lushebere.

Kaka, sisimizi hawakuondoka wenyewe. Mimi ndiye niliyewafukuza. Watu wa Séraphin, mchumba wangu, walikuwa wanakuja kutoka Muheto kuona nyumba yetu kabla ya kuleta ng'ombe wa mahari, na majirani walikwisha kutuita ukoo wa mkojo mtamu. Niliona haya. Kila alfajiri nilimwaga maji ya moto pale, nikafunika na majivu. Papa alipopiga kelele za furaha nilikuwa nimesimama karibu naye. Nilijiambia nitasema wageni wakiondoka. Wakaondoka, sikusema. Ningesema, angerudia vidonge, angekuwa hai. Hata kwenye kipoyi aliponishika mkono, sikusema. Tangu hapo nikipiga magoti kusali, maneno hayaji.

Ng'ombe wako zizini. Watu wa Muheto wanataka kunichukua baada ya matanga. Wanasema binti aliyemtunza baba yake namna ile ni baraka kwa nyumba. Mama anaitikia, analia, ananibusu mikono. Mama hajui. Ukifika, umwambie wewe, mimi nimeshindwa. Kisha useme mwenyewe kama bado nina kwetu.

Euphrasie msalimie sana. Watoto wapakate kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Emérence