Vidonge Kwenye Pindo la Kanga

Somoe mwanangu,

Naandikia kitandani, utanisamehe mwandiko. Tangu uzikwe kule Nanyamba sijatoka hapa Ufukoni. Miguu hainifikishi hata uani, seuze kaburini kwako.

Zuhura wako alikuja jana. Amemaliza chuo, na hospitali imemwita kama ilivyokuita wewe: siku moja wodini, amfuate muuguzi, wamtazame kabla ya kumwajiri. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu akaniuliza, "Bibi, mama alisema wewe ndiye uliyemfundisha siku yake. Nifanyeje wanichukue?"

Nikamjibu asiguse mtu, asiseme neno. Nilimpa woga wangu, Somoe.

Siku yako wewe ilikuwa Ramadhani, unakumbuka. Ulinifuata kitanda kwa kitanda, mikono nyuma kama nilivyokuagiza. Nikamuuliza yule bibi aliyeletwa kutoka kando ya Ruvuma, "Umekunywa dawa?" Akaitika, "Ee, mwanangu." Nikaweka tiki, nikapita. Wewe ukabaki, ukainama, ukamsemesha Kimakonde mpaka akacheka. Kisha ukaja kuninong'oneza: "Sista, vidonge vya siku tatu viko kwenye pindo la kanga. Amefunga saumu. Anaona haya kukwambia."

Siku tatu, na tiki zote zangu. Presha ilikuwa inapanda, sisi tunashangaa.

Nilimweleza daktari kana kwamba nimegundua mwenyewe. Dawa zikapangwa futari na daku, presha ikashuka, nikasifiwa. Kwenye fomu yako nikaandika: Hafuati maelekezo, amegusa mgonjwa bila ruhusa. Hukumgusa. Lile pindo alilifungua mwenyewe.

Hawakukuchukua. Ukaenda zahanati ya kijijini, ukabaki huko mpaka maradhi yalipokuchukua. Na kila msimu wa korosho ulinitumia mfuko, umezikaanga kwa mkono wako: "Za Sista wangu aliyenipokea vizuri." Nilizila zote. Siku moja uliniuliza, "Sijui nilikosea wapi siku ile." Nikakwambia nafasi zilikuwa chache.

Nilikuwa na miaka yote hiyo ya kukwambia. Nimengoja mpaka huwezi tena kunijibu.

Leo nimempigia Zuhura apite hapa asubuhi kabla ya kwenda wodini. Nitamwambia kilichoandikwa kwenye fomu yako, na ni nani aliyekiandika. Akiacha kuniita bibi, ni haki yake. Nitamwambia pia asiyafuate niliyosema jana: akiona mgonjwa anaitika "ee" upesi mno, ainame, amuulize tena, na kama lugha ya kwao haijui, amtafute anayeijua. Wakimnyima kazi kwa hilo, angalau ajue mama yake alinyimwa kwa nini.

Lala salama, mwanangu. Siko mbali nawe sasa. Nakuahidi, tutakapoonana, Zuhura atakuwa ameshasikia kutoka kinywani mwangu, na korosho zako nitakuwa nimeziombea radhi.

Sista wako