Kadzo Wawili Katika Orodha

Mjukuu wangu Kadzo,

Natumai baridi ya huko Uingereza haijakushinda. Sisi hapa Chaani tu wazima, ila goti langu limegoma kupanda ngazi. Kadzo wa baba yako mdogo Charo amepata kazi bandarini, naye anakusalimu sana.

Umeniuliza kama ni aibu mtakwimu kuwasumbua wauguzi kwa maswali madogo madogo. Ngoja nikueleze yaliyonipata kazini nikiwa kijana kama wewe.

Tulikuwa tukijaribu dawa ya homa ya watoto. Wauguzi walijaza fomu vijijini, nami nilikaa mjini nikizijumlisha. Siku moja nikakuta Kadzo wawili, boma moja, umri mmoja. Nikadhani mtoto kaandikwa mara mbili, nikamfuta wa pili bila kumuuliza mtu.

Muuguzi aliyewaandika alipoiona orodha, aliniita pembeni.

"Dada, huyu uliyemfuta ndiye aliyedhuriwa na dawa. Hao ni watoto wa ndugu wawili, wote wamepewa jina la bibi yao. Kwani kwenu si hivyo?"

Kwetu ni hivyo hivyo, na nilijua tangu utotoni. Niliona haya, nikashindwa hata kumtazama. Nikamrudisha mtoto, na madaktari wakapunguza kipimo cha dawa.

Basi waulize, mwanangu, hata wakikuchoka. Baba yako na Charo kila mmoja alimpa bintiye jina langu. Kwa kalamu yangu ya siku ile, leo ningekuwa na mjukuu mmoja.

Bibi yako,
Kadzo